Unaposema Lamu, ni Lamu ipi?

Mwezi uliopita niliagiza betri ya sola kutoka Mombasa. Siku ya pili ujumbe ukaingia kwenye simu: mzigo wako umefika Lamu. Nikatia makubadhi, nikateremka hadi jeti, nikauliza boti moja baada ya nyingine zilizokuwa zimetoka Mokowe, bandari ya upande wa bara. Hakuna iliyobeba betri. Nilipoipigia simu kampuni ya mizigo, kijana aliyepokea akanijibu kwa upole, "Mzee, mzigo uko hapa hapa Lamu, njoo na kitambulisho." Hapa hapa kwake ilikuwa Mpeketoni, mji wa bara.

Nilitaka kugomba, nikakosa pa kuanzia. Kijana hakusema uongo. Mpeketoni ni Lamu. Na mimi niliyesimama jetini huku punda wakinipita na magunia ya simiti nilikuwa Lamu vilevile. Kati yetu kulikuwa na barabara ndefu, mkono wa bahari na nauli ya boti ambayo hakuna aliyeiweka kwenye hesabu.

Betri si kitu. Tarehe 5 Januari 2020, Al-Shabaab walipovamia kambi ya jeshi ya Manda Bay na kuwaua Wamarekani watatu, simu za jamaa hazikukatika. Manda ndicho kisiwa kinachotukabili sisi wa Amu, yaani mji wa Lamu wenyewe. Ukikaa pwani na kikombe cha kahawa unakiona kizima, na ndiko ndege za abiria zinakotua. Jamaa walikuwa wakituuliza kama tumeona moshi. Moshi gani? Kambi ile iko Magogoni, bara. "Manda Bay" ni ghuba, na ghuba ilichukua jina la kisiwa, basi kila kilichojengwa kandokando yake kinaitwa Manda hata kama hakijakigusa kisiwa cha Manda.

Ni kama nyumba ya ukoo ambamo babu ni Mohamed, mwana ni Mohamed na mjukuu ni Mohamed. Ukiita dirishani wanageuka watatu, na kila mmoja ana haki ya kuitika. Tuwatenganishe hawa kina Mohamed, tukianzia na mdogo.

Kutoka mtaa hadi kaunti

Mdogo kuliko wote ni mji. Wenyewe tunauita Amu, na lugha yetu ni Kiamu, si "Kilamu". Mji una Mkomani upande wa kaskazini na Langoni upande wa kusini, na usita wa mui, yaani njia kuu ya mji, unaopita katikati. Ndani ya mji huu kuna sehemu ndogo zaidi, Mji wa Kale, iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Sehemu yenyewe haizidi hekta 16 hivi. Nasisitiza kwa sababu kila pakitokea jambo Witu au Hindi, miji ya bara, mtu huandika kwamba "mji wa urithi wa dunia" umetikisika. Hekta 16 ni shamba la mkulima wa wastani kule Mpeketoni akijumlishwa na majirani zake wachache.

Mji umekaa juu ya kisiwa, nacho kinaitwa Lamu. Humo kuna pia Shela, yenye vilima vya mchanga, na vijiji vya Matondoni na Kipungani. Vilima vile watalii huvipigia picha, lakini sisi tunavinywa. Maji matamu ya kisiwa yako chini ya mchanga wa Shela. Mvua hunyesha, mchanga ukaihifadhi, visima vikaitoa. Ndiyo maana mtu akisikia kiwanja cha vilimani kinauzwa, wazee wa Amu hupandisha sauti.

Kisiwa kina ndugu zake: Manda, Pate, Ndau na Kiwayu, pamoja na vingine vidogo kama Manda Toto. Pate ndicho kikubwa kuliko vyote, kikubwa kuliko Lamu, jambo ambalo wageni wengi hawaliamini. Na Pate nayo imerudia mchezo ule ule, kwa sababu Pate ni kisiwa na pia ni mji mmoja ndani yake, pamoja na Siyu, Faza, Kizingitini, Tchundwa na Mbwajumwali. Mtu wa Faza ukimwita "Mpate" atakurekebisha kabla hujamaliza salamu. Manda, kwa upande wake, ina eneo kubwa na watu wachache. Takwa, mji wa mawe uliokuwa huko, ulihamwa yapata miaka 300 iliyopita, na tatizo kubwa la kisiwa hadi leo ni maji ya chumvi. Kule Pate na Ndau watu walilitatua kwa jabia, yaani sakafu pana ya saruji inayokusanya mvua na kuimimina kwenye birika la chini.

Kisha yupo Mohamed babu, Kaunti ya Lamu, namba 005, yenye zaidi ya kilomita za mraba 6,000. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Watu wanaifikiria kaunti kama kundi la visiwa, na ukweli ni kinyume: sehemu kubwa kabisa ya ardhi yake ni bara. Kuna Mokowe, Hindi, Mkunumbi, Mpeketoni na Witu kwa upande wa magharibi, kisha msitu mkubwa wa kaskazini mashariki hadi Kiunga karibu na mpaka wa Somalia. Visiwa ni ushanga kwenye pindo la kanga. Kanga yenyewe ni bara.

Na ni kanga pana yenye watu wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima, wachache kuliko kaunti nyingine yoyote kati ya zote 47.

Wilaya ilikwenda wapi?

Bado utamsikia mzee akisema "wilaya ya Lamu" na "ofisi ya disii". Hajakosea sana. Katiba ya 2010 ilipounda kaunti 47 haikuchora ramani mpya. Ilifuata mipaka ya wilaya zilizotajwa na sheria ya wilaya na mikoa ya mwaka 1992. Kwa hivyo mipaka ya kaunti ni ile ile ya wilaya ya zamani iliyokuwa chini ya Mkoa wa Pwani. Kilichobadilika ni nani anakaa ndani na kwa idhini ya nani.

Zamani mkubwa wa wilaya alikuwa mmoja, disii, aliyeteuliwa na Nairobi. Gari lake lilikuwa miongoni mwa magari machache sana kisiwani, na watoto tulilikimbilia kama sarakasi. Tangu 2013 kuna wakubwa wawili. Gavana anachaguliwa na sisi: Issa Timamy mwaka 2013, Fahim Twaha mwaka 2017, kisha Timamy tena mwaka 2022. Kamishna wa kaunti naye anateuliwa na serikali kuu, na chini yake wapo manaibu kamishna, machifu na manaibu chifu. Chifu si mtu wa gavana. Mwakilishi wa wadi si mkubwa wa chifu. Hili linawachanganya hata watu wanaopiga kura kila uchaguzi.

Njia nyepesi ya kulielewa ni kumfikiria mtoto wa Amu. Asubuhi yuko skuli, alasiri yuko chuoni kwa maalimu. Mtoto ni yule yule, mtaa ni ule ule, lakini mwalimu wa hesabu hana la kusema kuhusu juzuu, na maalimu hasahihishi hesabu. Hakuna aliye bosi wa mwenziwe. Ukiona mtoto hajui kusoma Kurani humlaumu mwalimu wa hesabu, ingawa wapo wazazi wanaojaribu.

Kwa hiyo dawa zikikosekana katika Hospitali ya King Fahd, swali ni la serikali ya kaunti, kwa sababu hospitali za kaunti ni kazi ya ugatuzi. Shule za chekechea ni za kaunti; za msingi na sekondari ni za serikali kuu. Polisi, usalama, vitambulisho na kafyu ni vya serikali kuu. Gavana hawezi kuweka kafyu wala kuiondoa, hata akipiga kelele vipi kwenye redio.

Kafyu yenyewe ni mfano mzuri wa jina moja linavyoumiza. Baada ya mauaji ya Mpeketoni yaliyoanza usiku wa 15 Juni 2014, kafyu ya usiku ilitangazwa Lamu, na Lamu hiyo ilikuwa kaunti. Mvuvi wa Amu anayetega usiku, ambaye pengine hajawahi kufika Mpeketoni maishani mwake, akafungiwa bahari. Hoteli za Shela zikabaki na vitanda vitupu. Siyasemi haya kupunguza msiba wa Mpeketoni. Watu walichinjwa majumbani mwao. Nasema tu kwamba neno moja katika tangazo lilikuwa na upana ambao wasomaji wa magazeti hawakuuona.

Mambo mengine yamegawanywa katikati, na hapo hata mfano wangu wa chuo unapwaya. Chukua uvuvi. Katiba, katika Jedwali la Nne, inaipa kaunti uvuvi kama sehemu ya kilimo, kisha inaipa serikali kuu ulinzi wa mazingira na maliasili, ukiwemo uvuvi. Chukua vyombo: feri na bandari ni za kaunti, lakini udhibiti wa usafiri wa majini wa kitaifa na kimataifa umetolewa nje ya mikono yake. Basi boti ya abiria inapojaza watu kupita kiasi kati ya Mokowe na Amu, abiria mmoja anamtukana gavana, mwingine anaitukana serikali ya Nairobi, na wote wawili wana kifungu cha Katiba cha kushika.

Mashariki na Magharibi

Kaunti ina maeneobunge mawili, Lamu Mashariki na Lamu Magharibi, na wadi 10. Mgeni hudhani mmoja ni wa visiwa na mwingine ni wa bara. Ingekuwa hivyo nisingeandika sehemu hii.

Lamu Magharibi ina wadi saba: Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Bahari na Witu. Mji wa Amu na kisiwa chake vimo humo. Ndiyo, mji ulio kwenye kisiwa uko eneobunge moja na Witu iliyo njiani kwenda Garsen. Lamu Mashariki ina wadi tatu tu: Faza, Kiunga na Basuba. Pate iko huko, na pia bara ya mpakani na vijiji vya msituni. Kila eneobunge lina visiwa vyake na bara yake.

Tofauti kubwa ni watu. Katika sensa ile ya 2019, Lamu Magharibi ilikuwa na watu 121,662 na Lamu Mashariki 22,258. Wote wana mbunge mmoja mmoja. Kila tume ya uchaguzi inapogusia kupitia upya mipaka, vikao vya Faza vinapata moto, kwa sababu Katiba inataka maeneobunge yakaribiane kwa idadi ya watu. Lakini Katiba hiyo hiyo inaruhusu kuangalia jiografia na mawasiliano, na ukitaka kujua maana ya maneno hayo panda boti ya kwenda Pate.

Boti hutoka Amu ikapita Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Mkanda unapitika vizuri maji yakijaa. Yakitoka, mchanga unaanza kuonekana, mikoko inasimama juu ya mizizi yake kama vyombo kwenye gogo, na nahodha anazima injini na kuchukua upondo. Ndiyo maana ratiba ya kwenda Mtangawanda, jeti ya Pate, haifuati saa. Inafuata bamvua na maji mafu, na leo boti ikiondoka saa nne, wiki ijayo inaweza kuondoka alfajiri. Anayekataa kungoja azunguke nje ya Manda kwenye bahari kuu, na wakati wa kusi si kila mtu ana moyo huo. Mtu wa Nairobi anayepanga mkutano wa saa tatu asubuhi Faza, na Faza ndiyo makao ya kaunti ndogo ya Lamu Mashariki, kwanza amuulize mwezi.

Basuba inanishangaza zaidi. Ni wadi ya Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni, watu wa msitu na asali: Milimani, Mangai, Mararani, Kiangwe na Basuba yenyewe. Ofisi za kaunti yao ndogo ziko Faza, kisiwani. Watu wa msituni wanavuka bahari ili wapate huduma za serikali. Kwenye ramani ya ofisini mstari ni mfupi.

Bandari ya Lamu haiko Lamu

Namaanisha haiko kisiwani. Mradi wa LAPSSET, yaani bandari hii na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012 na Rais Mwai Kibaki, pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia. Gati la kwanza lilifunguliwa 20 Mei 2021. Yote hayo yako Kililana, bara, kwenye ghuba ya Manda. Mgeni anayeshuka Amu akitafuta meli za makontena ataona majahazi, boti za abiria na watoto wanaojirusha majini.

Jina hili limechanganya hata madai ya watu. Mahakama Kuu ya Malindi ilipoamua mwaka 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari, niliulizwa na jamaa wa Mombasa kama na mimi nimepata mgawo, "si uko Lamu?" Fidia ilikuwa ya wavuvi walioathirika na ujenzi na uchimbaji wa ghuba. Kuwa na kitambulisho kilichoandikwa Lamu hakukufanyi kuwa mvuvi, ingawa najua wachache waliojaribu bahati yao.

Na uwanja wa ndege? Nao hauko kisiwa cha Lamu, uko Manda. Unashuka kwenye ndege, unatembea hadi kwenye gati, unavuka kwa boti. Barabara ya lami kutoka Garsen kupitia Witu nayo inaishia Mokowe, ambako pia ziko ofisi za serikali ya kaunti. Ukifika Lamu kwa ndege, kwa basi au kwa meli kubwa, njia zote tatu zinakufikisha mahali pasipokuwa Amu.

Vilivyo vyetu na visivyo vyetu

Kipini si Lamu. Iko mlangoni mwa mto, jirani kabisa, watu wake ni jamaa zetu, lakini iko Kaunti ya Tana River. Malindi, ambako basi nyingi hupumzika, ni Kilifi. Msitu wa Boni unapita kaunti mbili, na hifadhi ya taifa inayobeba jina la Boni iko Garissa. Iliyo kwetu ni Dodori. Gazeti likiandika "Boni, Lamu" lisome mara mbili.

Halafu kuna wale wa barazani wanaosisitiza kwamba Lamu ni ya Zanzibar. Asili ya maneno yao ipo. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yalimtambua Sultani wa Zanzibar kama mwenye ukanda wa maili kumi hadi Kipini, pamoja na visiwa vyetu. Witu, hatua chache ndani ya bara, ilikuwa na sultani wake na ikawa chini ya ulinzi wa Wajerumani tangu 1885. Kwa hiyo kwa muda mfupi bara na kisiwa vilikuwa na wenyewe tofauti, na bado Wajerumani walifungua posta yao Amu mjini mwaka 1888, wala si Witu. Nyumba yake ipo hadi leo kama makumbusho. Hata wao barua zao za Witu ziliishia Lamu, na hilo lilinifariji kidogo kuhusu betri. Mwaka 1890 Wajerumani wakaiacha Witu kwa Waingereza. Ukanda wa Sultani ukaingizwa Kenya kwa makubaliano ya Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya uhuru. Kisheria mjadala ulifungwa hapo, ingawa kahawa bado inauzwa.

Mimi sasa nikiagiza kitu naandika anwani kama mganga anavyoandika hirizi: Mokowe, jeti, kwa boti, Amu, Langoni, kisha jina la msikiti ulio karibu. Betri ilifika siku ya nne kwa boti ya saa kumi, ikapandishwa juu ya punda, ikashushwa mlangoni kwangu. Kwenye boksi mtu wa Mpeketoni alikuwa amekata anwani ya zamani kwa kalamu nene na kuandika upya, kwa herufi kubwa: LAMU YA LAMU.